Jeni za Mtaa wa Hewa Safi

"Mama yako alikufa kwa muda mfupi! Imeandikwa!"

"Imeandikwa na nani, Bi Sikitu? Mama alikufa kwa saratani ya titi. Kidonda nimekisafisha kwa mikono yangu hii miezi kumi na minne. Huo ndio muda mfupi?"

"Teremsha sauti, we mtoto! Neno hilo halitajwi penye ukuta."

"Ukuta gani? Hili bati?"

"Hata bati lina masikio! Tena nasikia umempa yule mwalimu wa damu majina ya ukoo mzima. Kamchora mama yako duara! Duara, Mwantumu! Mwanamke aliyezaa watu sita, leo ni duara jeusi kwenye karatasi!"

"Wanawake wote ni maduara. Wanaume ni miraba."

"Basi mimi asinichore. Mimi nina mtoto Waziri."

Hapo tukajua ugomvi umekolea, maana Bi Sikitu hakuwa mtu wa kumtaja mwanawe ovyo. Alimtaja mara nane tu kwa siku. Mheshimiwa Dokta Kitwana Mgude, Waziri wa Afya na Utulivu, hakumzaa yeye. Alikuwa mtoto wa dada yake, akamlea baada ya dada huyo kufariki, naye kwa muda mfupi.

Sisi majirani, ambao hatupendi kabisa kusikiliza mambo ya watu, tulikuwa tumesogeza vigoda mpaka kwenye lile bati ili tuhakikishe kwamba hatusikii.

* * *

Kwa mgeni nieleze. Nchi yetu, ambayo jina lake limepelekwa wizarani kufanyiwa marekebisho na hivyo siwezi kulitaja mpaka lirudi, ina daftari la vifo lenye sababu mbili tu: "baada ya kuugua kwa muda mfupi" na "baada ya kuugua kwa muda mrefu." Zamani ilikuwepo ya tatu, "ghafla," lakini ikafutwa ilipobainika kwamba inaweza kumfanya mtu adhani serikali haikujiandaa.

Na mtaa wetu unaitwa Hewa Safi. Jina hilo tulizawadiwa mwaka lilipojengwa Tanuri la Taifa la Kuteketeza Bidhaa Bandia, hatua sitini kutoka nyumba ya mwisho. Kila Jumanne na Ijumaa huchomwa humo ndala bandia, nyaya bandia, matairi na madumu, na moshi wake hutoka na rangi tatu, kama bendera. Mtu akilalamika kifua, mjumbe humshika mkono kwa upole akampeleka kusoma kibao cha jina la mtaa.

Katika miaka ishirini tumezika wanawake sitini na watatu. Wote muda mfupi. Wengi wao hawakufika miaka arobaini na mitano.

Hiki ndicho kilichomleta Profesa Nakijwa, mwalimu wa biolojia wa chuo kikuu. Mwanamke mfupi, miwani imefungwa kwa uzi mweusi, na alikuwa na tabia ya kumsikiliza mtu mpaka amalize, jambo lililotutia wasiwasi kwa msomi wa kiwango chake. Alikuja na sanduku la barafu, sindano, na makaratasi ya kuchora koo za watu. Alitaka kujua kwa nini wanawake wa Hewa Safi wanaugua saratani wakiwa na miaka thelathini na kitu, wakati wenzao wa mitaa mingine wanasubiri wazeeke kwanza.

Akaanza kwa kusoma daftari la vifo. Alisoma siku nne. Alipotoka alikuwa ameandika maneno mawili mara sitini na tatu.

"Nimekwama," akasema, akakaa kwenye benchi la Chambuso.

Na hapo, jamani, sayansi ya nchi yetu ikapata bahati.

* * *

Chambuso alikuwa dobi. Pasi yake ya mkaa ilikuwa imepiga nguo za mtaa mzima tangu sisi wengine tukiwa na meno ya maziwa. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa utani.

Sisi tuna watu wa Chumvi na watu wa Mahindi. Hapo kale walipigana mpaka wakagundua kwamba mmoja ana ladha isiyo na chakula na mwingine ana chakula kisicho na ladha. Wakapatana, na tangu siku hiyo ni watani. Mtani hukutukana mbele ya wakwe zako nawe ucheke. Mtani huja msibani kwako akadai kuku aliye hai, akalala mlangoni jeneza lisipite. Mtani hakasirikiwi. Sheria hii ni kongwe kuliko Katiba, na tofauti na Katiba, inafuatwa.

Chambuso, mtu wa Mahindi, alikuwa mtani wa nusu ya mtaa. Kila alipokufa mtu wa Chumvi, alivaa nguo ya marehemu, ambayo aliijua mpaka mshono wa ndani, akatembea kama marehemu, akakohoa kama marehemu, akagombana na mumewe kama marehemu, na wafiwa wakalia huku wanacheka.

"Mzee Chambuso," Profesa akauliza, "hivi mama yake Mwantumu, mwaka wake wa mwisho, alitembeaje?"

Chambuso aliweka pasi chini. Akajifunga kanga. Akavuka barabara na kurudi, kiwiko cha kushoto kimeachana na mbavu, kama mtu aliyeficha yai kwapani.

Mwantumu, aliyekuwa ameleta mashuka, alikaa chini palepale.

"Na blauzi zake?" Profesa akauliza taratibu, kalamu mkononi.

"Nilianza kuzipunguza mwezi wa tatu. Akaniambia upande wa kushoto nisitie wanga, panamkwaruza. Mwezi wa nane ndio nikaona bega limeshuka."

"Wa pili nani?"

"Wa pili Bi Hadhara. Yeye ilikuwa kulia. Sogea nikuonyeshe."

Siku tisa Chambuso alifufua maiti. Watoto wa marehemu waliitwa wathibitishe, na kila mmoja alisema ndiyo, ndivyo alivyoinama, ndivyo alivyoshika ukuta. Profesa alisema amesoma nchi nne na hajapata kuona hifadhi ya kumbukumbu kama hiyo. Chambuso akamjibu kwamba hifadhi hiyo haijala tangu asubuhi.

Yeye ndiye aliyetufafanulia utafiti pia, maana Profesa alipoeleza mwenyewe tuliitikia tu kwa adabu.

"Jeni ni kitambaa," Chambuso akasema. "Unazaliwa nacho, umekatiwa na mama na baba. Kuna waliokatiwa kitambaa chenye tundu tangu kwa bibi. Huyo hakukosea kitu, ndivyo alivyopewa, ila inabidi akaguliwe mapema kabla tundu halijapanuka. Sasa kuna mwingine, kitambaa kizima kabisa, lakini kimekunjwa vibaya. Moshi umekikunja. Palipotakiwa kufunguka pamefungwa, palipotakiwa kufungwa pamefunguka. Nyuzi ni zilezile, mikunjo ndiyo mibaya. Nimekosea, Profesa?"

"Hujakosea," akasema Profesa. "Na baadhi ya mikunjo hunyooka moshi ukiondoka. Mingine hainyooki, nayo tunaikagua vilevile."

"Hata mimi nina mashati ya namna hiyo."

Wanawake arobaini wakatoa damu.

* * *

Wa arobaini na moja alikuja nyumbani kwa Mwantumu saa nane mchana, wakati mtaa umelala. Yaani wakati mtaa umefumba macho, tuseme hivyo.

Alikuwa Bi Sikitu. Hakubisha hodi. Aliingia, akafunga mlango, akafungua vifungo vya gauni.

Mwantumu akaangalia.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mwaka juzi."

"Na Mheshimiwa hajui?"

"Nimwambie nini? Yeye ndiye Waziri wa Afya. Nikiugua si nitamtia aibu?" Akafunga vifungo, kimoja kimoja. "Mimi nitakufa kwa muda mfupi, mwanangu. Muda mfupi wangu umeshafika mwaka wa pili. Lakini wewe una wale mabinti wawili. Nilikutukana kwa sababu niliogopa. Haya, mwite huyo mchora maduara aje anichore."

Profesa alimtoa damu, akaandika majina ya dada zake na ya mtoto wa dada yake. Mtoto huyo akamchora mraba.

* * *

Majibu yalikuwa tayari baada ya miezi mitano. Wanawake saba walikuwa na tundu la kurithi. Thelathini na wanne walikuwa na mikunjo, na mikunjo hiyo ilikuwa ya aina moja, na aina hiyo Profesa aliikuta vilevile kwenye panya aliowavutisha moshi wa ndala. Akatia majibu ya kila mtu kwenye bahasha, akaandika majina arobaini na moja, akapeleka nakala ya ripoti wizarani kama sheria inavyotaka. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake: kufuata sheria bila kumuuliza mtu kwanza.

Jumamosi iliyofuata tulijengewa jukwaa. Mheshimiwa Mgude alipanda akiwa na suti ya vipande vitatu, na moshi, kwa heshima yake, ulizimwa kwa saa mbili.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Tangu tupate uhuru, chembe za nchi hii zimeishi kwa umoja, mshikamano na nidhamu! Leo anatokea msomi mmoja, anadai kwamba ndani ya miili ya raia wetu kuna chembe zinazogawanyika bila mpangilio! Nauliza: zimepata kibali wapi? Katika nchi hii hakuna kinachogawanyika bila mpangilio! Msomi huyo anadai tena kwamba jeni zetu zimewekewa mikunjo. Na nani? Anataka tumtazame nani? Ndugu zangu, taifa lisilolinda jeni zake ni sawa na kuku anayeuza yai akabaki na ganda!"

Tukapiga makofi, kwa sababu kuku tunamjua.

Ndipo akasoma Waraka Namba Saba. Kuanzia siku hiyo jeni zote zilizomo ndani ya mipaka ya nchi, zikiwa kwenye mtu, mnyama au mchicha, ni mali ya serikali kama yalivyo madini na tembo. Ni marufuku kwa mtu yeyote kuzisoma, kuzisafirisha, kuziuza, kuzitupa au kuzifukia bila kibali cha Waziri, na kibali kitaombwa siku tisini kabla. Bahasha arobaini na moja zikafungiwa kwenye kasiki la wilaya. Ufunguo wa kasiki akauvaa Waziri mwenyewe shingoni, chini ya tai. Profesa akaapishwa kiapo cha kunyamaza.

Tukaletewa Afisa Jeni wa Mtaa, Bwana Mpondela, mtu mwaminifu mpaka anaumiza. Kinyozi akaamriwa kukusanya nywele kwenye mifuko na kuandika ni za nani. Wachumba walijaza fomu ya kuchanganya rasilimali za taifa. Na kila asubuhi Bwana Mpondela alisimama mwanzo wa mtaa.

"Unakwenda wapi na mali ya serikali?"

"Sokoni," akajibu Mwantumu.

"Utairudisha saa ngapi?"

"Nyanya zikipungua bei."

Naye aliandika: nyanya.

Lakini Mwantumu alikuwa hacheki tena kama zamani. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Mama yake alikufa na thelathini na nane, mama yake mdogo na arobaini. Mashine ya kupiga picha ya matiti ilikuwa moja nchi nzima, na huwezi kuisogelea bila barua yenye sababu. Sababu ilikuwa ndani ya bahasha. Bahasha ilikuwa ndani ya kasiki. Alikwenda hospitali mara tatu, na mara tatu karani alimwambia kwa huruma, "Dada yangu, lete sababu. Hatuwezi kukupiga picha kwa wasiwasi tu."

Siku moja alikutana na Profesa kwenye duka la sabuni. Nyuma ya Profesa alisimama Bwana Mpondela na daftari.

"Profesa, shikamoo. Habari yangu?"

Profesa alimtazama.

"Marahaba. Siruhusiwi kusema nzuri wala mbaya."

"Basi tikisa kichwa tu."

"Kichwa kimo kwenye kiapo," akasema Bwana Mpondela. "Kifungu cha pili."

Profesa alilipa sabuni akatoka, akaisahau sabuni yenyewe. Mwantumu hakulala siku tatu. Na kama kawaida ya mtu asiyelala, alipika. Tulikula kwake vizuri sana wiki ile, Mungu atusamehe.

* * *

Bi Sikitu alifariki mwezi wa sita wa Waraka. Redio ilitangaza kwamba mama mlezi wa Mheshimiwa Waziri amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Wizara ilileta mahema, viti vyenye mito, na bendi iliyokuwa inajua wimbo mmoja wa msiba na mmoja wa uchaguzi.

Kwetu makaburini huenda wote, wanaume kwa wanawake. Mheshimiwa alisimama mbele, macho mekundu kweli. Alimpenda yule bibi; hilo lazima tuliseme. Alikuwa ameteremsha kichwa kama mtoto aliyekosewa.

Chambuso akatokea nyuma ya bendi amevaa gauni la Bi Sikitu, lile la maua ya njano.

"Jamani nyie!" akasema kwa sauti ya marehemu kabisa. "Mimi nina mtoto Waziri! Nisogezeeni kiti chenye mto! Huyo Kitwana mnayemwona na tai, mpaka darasa la nne alikuwa anakojoa kitandani, na godoro nalianika mimi!"

Watu wakaangua kicheko. Mheshimiwa naye akacheka, maana asingecheka angekuwa amevunja ukoo. Machozi yalimtoka huku anacheka.

Halafu Chambuso akatembea. Alitembea kama Bi Sikitu wa mwezi wa mwisho. Kiwiko cha kushoto kimeachana na mbavu.

Kicheko cha Mheshimiwa kikakatika. Nilikuwa karibu, nikamsikia akisema chini kwa chini, si kwa mtu yeyote: "Mama aliyenizaa naye alikuwa hivyo."

Chambuso akafika ukingoni, akaruka ndani ya kaburi, akalala chali, akakunja mikono.

"Haya mtani, toka," akasema Mheshimiwa, akijikaza. "Kuku wapo watano. Mbuzi pia yupo."

"Sitaki kuku."

"Sukari gunia?"

"Nina kisukari, mtani. Ungekuwa unatupima ungejua. Mimi nauliza tu: humu mnataka kufukia nini?"

"Tunamzika mama yangu."

"Mama yako ni sawa. Lakini jeni alizobeba ni mali ya serikali. Waraka Namba Saba umekataza kuzifukia bila kibali. Mimi ni raia mwema, siwezi kulala tu nikaangalia sheria inavunjwa."

Watu wakacheka tena, na Mheshimiwa akageuka kwa Bwana Mpondela amwondolee upuuzi huo. Bwana Mpondela, pale juani, alikuwa ameshafungua faili.

"Mheshimiwa," akasema, jasho linamtoka, "ni kweli. Kufukia kumetajwa. Mstari wa sita."

"Basi toa kibali!"

"Kibali unatoa wewe, Mheshimiwa. Kikiombwa siku tisini kabla."

"Nani angeomba siku tisini kabla? Alikuwa hajafa!"

"Ndilo pengo nililoliona, Mheshimiwa. Niliandika dokezo. Liko mezani kwako tangu mwezi wa pili."

Jua lilikuwa la utosini. Wabeba jeneza walianza kubadilishana mabega. Bendi, kwa kukosa maelekezo, ikapiga wimbo wa uchaguzi mpaka ikanyamazishwa. Na kumkasirikia Chambuso haikuwezekana: watu wa Chumvi wote walikuwa wanatazama, na Waziri aweza kuvunja Katiba lakini utani hauvunjiki.

"Unataka nini, mtani?" Mheshimiwa akachuchumaa ukingoni, tai inaning'inia ndani ya kaburi.

Chambuso akaacha sauti ya kuigiza. Akasema kwa sauti yake ya kawaida, ya kwenye benchi la pasi.

"Zirudishe kwa wenyewe. Zikiwa za Sikitu, Sikitu tutamzika na vyake. Zikiwa za serikali, basi na uvimbe wake ni wa serikali. Uchukueni mkauweke makumbusho."

Mheshimiwa Mgude akaomba kalamu. Nyuma ya ratiba ya mazishi aliandika kwamba kuanzia saa saba na robo mchana jeni zote zinarejeshwa kwa wabebaji wake, zikiwa katika hali ziliyonayo, na serikali haitapokea malalamiko. Akasaini juu ya goti.

"Na zile za kwenye bahasha?" Chambuso akauliza.

"Na zile."

"Zilete nizione. Nasubiri hapahapa, kuna ubaridi mzuri."

Mheshimiwa alivua ufunguo shingoni, gari likatumwa. Saa nzima tulisubiri. Mara mbili tulimsikia mtani anakoroma.

Bahasha zilipokuja, Bwana Mpondela aliweka meza kando ya kaburi akaita majina, na kila mwanamke alitia saini: "Nimepokea jeni zangu zikiwa kamili." Mwantumu alipokea yake akaitia kifuani bila kuifungua. Jina la mwisho lilikuwa Sikitu. Mheshimiwa akasogea, akasaini kama ndugu wa karibu, akaiweka bahasha mfuko wa ndani wa koti.

Chambuso akatoka kaburini, akajikung'uta gauni la maua ya njano, akawa wa kwanza kumwaga udongo, na wa kwanza kulia.

* * *

Mwantumu alifungua bahasha yake jioni hiyohiyo, sisi tukiwa tumejaa chumbani, ukumbini na dirishani, kwa ajili ya kumpa faragha. Profesa alikaa naye mkekani. Kiapo kilikuwa kimekufa pamoja na Waraka, na yule mama alizungumza kama bomba lililozibuliwa.

"Una tundu la mama yako," akamwambia. "Hilo silifichi. Lakini tundu si kaburi. Jumatatu unapanda mashine. Sababu hii hapa, nimeiandika kurasa mbili."

Karani wa hospitali aliisoma sababu akasema ni sababu nzuri kuliko zote alizowahi kusoma. Picha ikaonyesha kitu chenye ukubwa wa punje ya choroko, bado hakijakwenda popote. Wakakitoa. Wenzake wawili wakakutwa na punje za namna hiyo, mmoja akakutwa na zaidi ya punje, na huyo tunamwombea na kumpelekea uji kwa zamu.

Serikali nayo haikulala. Tume iliundwa kuchunguza tanuri, ikagundua kwamba bomba lake lilikuwa fupi, nalo likarefushwa mita tisa ili moshi uvuke mpaka. Sasa umeandikwa kwenye orodha ya bidhaa tunazouza nje. Daftari la vifo limeongezwa sababu ya tatu: "baada ya kuugua kwa muda wa kutosha." Tunaenda mbele.

Mwantumu aliruhusiwa kutoka hospitali siku ya Alhamisi, na Ijumaa nyumba yake ilijaa. Mabinti zake wawili walikuwa wanapakua wali wa nazi na kisamvu, Profesa amekalishwa karibu na sahani kubwa, Chambuso anamwigiza daktari wa upasuaji kwa kijiko. Tukasikia hodi.

Alikuwa Mheshimiwa Mgude, kwa miguu, bila walinzi, na shati ambalo Chambuso aliliangalia mara moja akatikisa kichwa kwa kuhuzunikia kola. Alisimama kizingitini. Hakujua mikono yake aipeleke wapi.

"Sikuja rasmi," akasema. "Namtafuta Profesa. Ninaye rafiki."

"Ndiyo, Mheshimiwa," Profesa akasema.

"Rafiki yangu huyu, rika langu hivi, mama yake alifariki kwa... kwa saratani ya titi. Na aliyemlea pia. Sasa kuna karatasi rafiki yangu kaisoma. Imeandikwa watoto wa dada wapimwe. Rafiki yangu anauliza: hata akiwa mwanamume?"

"Hata akiwa mwanamume. Na ana watoto?"

"Binti watatu," akasema Mheshimiwa.

Tulimhurumia sana huyo rafiki yake. Hakuna aliyecheka. Hata Chambuso, ambaye angeruhusiwa, alisogea tu kwenye mkeka pakapatikana nafasi.

"Sindano inauma?" Mheshimiwa akauliza. "Rafiki yangu anaiogopa."

Mwantumu alinyanyuka polepole, mkono mmoja umeshika bandeji chini ya kanga, mkono mwingine anachukua sahani.

"Hatoki damu mtu na njaa yake, baba. Vua viatu, uingie ule. Na huyo rafiki yako mwambie naye aingie, chakula kipo."